Dokta aliyepiga msasa kabla ya puti

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi na kupaka rangi magari, Unga Limited, Arusha, kwa hiyo kuziba mashimo ndiyo kazi yangu. Jino langu lilipobanduka kijazio baada ya miezi mitano tu, nilijua dokta wa kwanza (kliniki yake siitaji) alipiga puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, juu ya bati lenye maji. Alitoboa, akajaza, akasema tema, nikalipa. Mate yalijaa mdomoni muda wote.

Safari hii nilienda kliniki ndogo ya ghorofani, jirani na soko la Kilombero. Dokta ni mama mpole. Sindano ya ganzi hata sikuisikia. Akanipa machaguo mawili ya kijazio. Glasi ionoma inavumilia unyevu na hutoa floraidi, madini ya kulinda meno, kidogo kidogo, ila kwenye gego la kutafunia huisha mapema. Kompositi ni imara zaidi na ina rangi ya jino, lakini haitaki tone la mate. Kijazio cha zebaki ameshakiacha. Nikachukua kompositi, elfu sabini.

Akazungushia jino pamba, mpira wa kunyonya mate ukawekwa, kisha akapaka jeli ya asidi ya fosforiki.

"Dokta, huo si msasa?"

"Ndiyo huo huo, kaka. Gundi ipate pa kushika."

Akaniuliza nimekulia wapi. Maji ya Chai, nikamwambia kwa ishara na nusu ya ulimi. Akacheka, akaiacha jeli ikae zaidi. Kumbe haya meno yetu ya kahawia, yaliyoharibiwa na floraidi iliyozidi kwenye maji tuliyokunywa utotoni, asidi huyala kwa shida. Yule wa kwanza rangi ya meno yangu hakuitazama.

Baada ya gundi, kompositi ikaingia tabaka kwa tabaka, kama milimita 2 kila moja, na taa ya bluu sekunde 20. Ikigandishwa husinyaa, na mwanga haufiki chini kukiwa na unene. Hata vijana wangu gereji wanajua puti nene ya mkupuo mmoja hupasuka.

Kasoro zipo. Nilikaa benchi saa mbili na nusu, na mapokezi hawakuwa na chenji. Karatasi ya kung'ata, ya kupimia kimo cha jino, nayo niliing'ata ganzi haijaisha. Usiku nikagundua jino limezidi kimo, makande yakanishinda. Kesho yake dokta alilisugua dakika mbili, bure.

Huu ni mwezi wa tisa tangu anijaze. Jana nimetafuna hindi la kuchoma upande ule ule.