Dizeli safi kutoka Japan: ipi ununue Uganda na ipi uipite

Kabla hujatoa hata shilingi pale kwenye bondi za Nakawa, zile yadi za magari ya kuagizwa, jiulize kwanza hii gari ya dizeli safi, yaani dizeli yenye chujio la moshi, itatembea wapi. Kama ni Ntinda mpaka mjini na kurudi, na jamu ya Jinja Road katikati, achana na hii habari, chukua petroli au haibridi ulale usingizi. Lakini kama kila wiki uko Mbarara, Gulu au Arua, au biashara yako iko Malaba na Busia, hapo dizeli safi inalipa kweli, na orodha hii nimeipanga kwa watu wa safari ndefu tu.

Sababu ni chujio. Dizeli za zamani zilikuwa zinatema moshi mweusi na maisha yanaendelea, hizi mpya masizi yananaswa ndani ya ekzosti na kitu mafundi wanaita DPF, na kikijaa kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili joto lipande mpaka kama nyuzi 600 masizi yaungue. Sasa hiyo kazi inataka injini iwe moto na gari iwe inakimbia. Kwenye jamu inaanza inakatika, inaanza inakatika, mwisho taa inawaka kwenye dashibodi na gari inakosa nguvu, halafu mtu anasema Mjapani kamuibia.

Mafuta yetu si mabaya vile watu wanasema. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa kwenye dizeli isizidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, Japan na Ulaya ni 10, kwa hiyo hatujafika ila chujio linaishi. Kinachoua ni dizeli ya jerikani kando ya barabara iliyochanganywa na mafuta ya taa. Pampu za hizi injini zinasukuma mpaka baa 2,000 na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe, mafuta ya taa hayana huo ulaini, ukizoea kuyanunua tenga kabisa pesa ya pampu na injekta.

Namba moja kwangu ni Mazda CX-5 ya dizeli 2.2, iliyotoka 2012. Wengi mtabisha mniambie Prado, ngojeni. Mazda walishusha mgandamizo wa injini mpaka 14 kwa 1, ambao kwa dizeli ni mdogo, moto unawaka bila kupitiliza na ile gesi chafu ya naitrojeni inapungua yenyewe, kwa hiyo haitaki tangi la yuria, yale maji yanayopulizwa kwenye ekzosti kupunguza hiyo gesi. Nguvu ya kuvuta ni Nm 420, mlima unaupanda huku unapiga stori. Ugonjwa wake ni masizi kwenye njia ya kuingizia hewa, pamoja na dizeli kuvuja kidogo kidogo kwenye oili kila chujio linapojisafisha. Ndiyo maana stiki yake ya oili ina alama ya X juu ya ile ya kawaida, oili ikipanda ikafika X unabadilisha hapo hapo, usisubiri kilomita zitimie. Na oili iwe ile ya DL-1, yenye majivu kidogo, siyo yoyote ya kwenye pipa, maana majivu ya oili ndiyo yanaziba DPF na majivu hayaungui.

Namba mbili, Prado 2.8 ya kuanzia 2015. Kwa barabara za Karamoja hakuna kama hii, naisukuma chini kwa sababu ya bei na yuria. Ile ya soko la Japan ina tangi la maji ya yuria, yakiisha ukizima gari haiwaki tena, na tafadhali ssebo usimimine mbolea ya mahindi umekoroga kwenye ndoo, yale maji ni yuria safi asilimia 32.5 na uchafu wowote unaharibu mfumo mzima. Jua kwanza utayanunua wapi, ndiyo ulipe gari. Australia wenye injini hii walienda mahakamani sababu ya DPF na 2022 jaji akakubali zilikuwa na kasoro, kwa hiyo jina la Toyota peke yake lisikulaze.

Tatu ni Mitsubishi Delica D:5, familia kubwa, watu wa kwenda kijijini na mizigo. Dizeli yake ilianza 2013, chukua ya kabla ya 2019 maana baada ya hapo nayo inataka yuria.

Nne BMW X3 20d. Inakunywa kidogo na inakimbia, ila za mwanzo cheni ya injini iko nyuma upande wa gia boksi, ikianza kulia fundi lazima ashushe vitu vingi. Ya mwisho ni VW na Audi kutoka Uingereza, zile za kashfa ya Septemba 2015, magari kama milioni 11 yalikuwa na programu ya kudanganya kipimo cha moshi. Mimi sizigusi.

Wa Nissan X-Trail ya 2008 na Prado za Japan za injini ya zamani ya 1KD msinitukane, gari nzuri, ila sheria ya Uganda ya 2018 imezuia kuingiza gari iliyofika miaka 15.

Ukiwa kwenye bondi, ingiza kidole kwenye mdomo wa ekzosti. DPF ikiwa nzima kidole kinatoka karibu safi, kikitoka cheusi tii ujue limepasuka au mtu kashalitoa, na mafundi wa Katwe wakishalitoa umelipa pesa ya dizeli safi ukapata chafu. Injini ikiwa baridi chomoa stiki uone oili imefika wapi, halafu iwashe, chomeka skana uone masizi yamejaa kiasi gani. Muuzaji akikataa skana nenda bondi inayofuata, ziko zimepangana.