Kliniki ya mifupa Hurlingham, Nairobi: mkono umepona, fomu imenila

Nyota tatu kati ya tano. Daktari mwenyewe ningempa zote tano bila kusita. Mbili nimezitoa kwa sababu ya karatasi moja.

Kliniki iko kwenye mojawapo ya yale majengo ya barabara ya Argwings Kodhek yaliyojaa vibao vya madaktari kuanzia langoni hadi kwenye lifti. Matatu ya 46 inakushusha karibu. Jina silitaji, maana nikiwauliza wenzangu naambiwa mambo ni hayohayo kwingine, na sitaki mmoja abebeshwe mzigo wa wote. Mimi ni fundi wa nguo Eastleigh, nashona mabuibui na sare za shule. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa makasi.

Kwa matibabu, sina la kulalamikia. Eksirei inapigwa ghorofa ya chini ya jengo hilohilo. Daktari aliweka picha kwenye taa akanionyesha mfupa ulipopasuka na kwa nini hautahitaji chuma. Kabla ya kufunga plasta aliniuliza kazi yangu, akaniuliza nashika makasi vipi, ndipo akaamua vidole aviache wazi kiasi gani. Daktari wa kuniuliza nashika makasi vipi sijapata kumwona tena. Wauguzi wana adabu. Bei ya kumwona daktari imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, kwa maandishi makubwa, unaisoma bila miwani.

Haya, fomu. Nina bima ndogo ya ajali niliyoichukua kupitia chama chetu cha mafundi: ukiumia ukashindwa kufanya kazi, unalipwa shilingi 4,000 kwa wiki mpaka daktari aseme umepona. Fomu ya madai ina kurasa nne. Tatu nimejaza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto wa chekechea. Wa nne ni wa daktari: alikuona lini, umeumia nini, utakaa nje ya kazi muda gani, kuna ulemavu utakaobaki au hakuna, halafu sahihi, namba ya usajili, muhuri. Niliiacha mapokezi. Niliporudi kuichukua, dada wa mapokezi aliisogeza mbele yangu lakini mkono hakuutoa juu yake.

"Mama, hii ni elfu tatu."

Elfu tatu ya nini, na kumwona daktari nimelipia, plasta nimelipia, eksirei nimelipia? Akasema pesa ya fomu ni ya daktari, haihusiani na kliniki. Akanitajia namba ya simu ya kutuma kwa M-Pesa. Ile namba ya biashara iliyobandikwa kaunta hakuigusa. Hii ilikuwa namba ya mtu. Nikaomba risiti, nikaandikiwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, "fomu 3,000", hata jina la kliniki halipo. Na mimi watu wa kodi, KRA, wananitaka risiti ya kielektroniki ya eTIMS kwa sare ya mtoto wa darasa la pili!

Kilichonichoma zaidi nilikiona nikiwa bado nimekaa pale. Kulikuwa na kijana wa ofisi mwenye kadi ya bima ya mwajiri wake. Kadi ikapitishwa, kidole kikawekwa kwenye mashine, fomu ya kampuni ya bima ikaingia kwa daktari ikatoka imejazwa na kugongwa muhuri. Nikamwuliza, mwanangu, wewe umelipa ngapi hiyo fomu? Akashangaa, hakujua kama fomu hulipiwa. Nilichungulia (naomba radhi): maswali karibu yaleyale. Ila pesa za fomu yake zinaingia kliniki, na pesa za fomu yangu zinakuja kwangu. Fomu inayomlipa daktari inajazwa bure, inayomlipa mgonjwa ina bei yake. Hili bado halijanishuka.

Simtaki daktari afanye kazi ya bure. Kuijaza ile karatasi lazima afungue faili, aangalie picha tena, na akiandika visivyo, leseni ni yake. Hata mimi ukiniletea nguo iliyoshonwa na fundi mwingine nikakupimia tu, utalipa. Binamu yangu aliyeko Leicester, Uingereza, anasema kwao pia madaktari wa NHS, huduma ya afya ya serikali, hutoza fomu za bima binafsi, kwa kuwa kazi hiyo haimo kwenye ile wanayolipwa na serikali. Lakini kliniki yake imeandika bei, unaijua kabla hujaacha karatasi yako. Na hapa kwetu Katiba, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anayonunua. Bei ya kumwona daktari walijua kuibandika. Hii nyingine nafasi ukutani ipo.

Kampuni ya bima nayo haina la kujivunia. Chini kabisa ya ukurasa wa nne, kwa herufi ndogondogo, wameandika kwamba gharama ya kujaziwa fomu ni juu ya mdai. Ushahidi wanautaka wao, wa kuulipia ni mimi, robo tatu ya malipo yangu ya wiki. Wakala wetu nilipompigia alisema, "Mama, kampuni zote ziko hivyo." Akaongeza kuwa nikipona itahitajika fomu nyingine, ya kufunga madai. Muhuri mwingine, elfu tatu nyingine.

Hapo nikagoma. Nikaomba nakala ya maelezo yangu ya matibabu na ripoti ya eksirei, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kupata taarifa zinazonihusu. Nilipewa palepale, bila malipo. Watu wa bima tulivutana nao kwenye simu, mwishowe wakazipokea badala ya fomu hiyo ya pili.

Siku ya kutolewa plasta nilimwambia daktari uso kwa uso. Alisema kampuni za bima humpigia simu kumhoji juu ya kila alichoandika, na muda huo hakuna anayemlipa. Hilo nalielewa. Nilipofika kwenye namba ya simu na karatasi isiyo na jina, alinyamaza, kisha akasema bei itabandikwa na malipo yatapita kaunta. Nilipopita hapo juzi kumpeleka jirani, ukuta ulikuwa vilevile.

Nitarudi kwake nikivunjika tena, Mungu apishe mbali. Wewe ukienda, fomu yako itoe kwenye mkoba kabla plasta haijalowekwa, uliza bei yake, na lipa kwa namba ya kliniki tu. Daktari akikukatalia jambo la haki, malalamiko hupelekwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari. Ya kampuni ya bima hupelekwa IRA, mamlaka inayosimamia bima. Asubuhi foleni ni fupi. Maegesho usiyategemee.