Ekseli ya mbele ya lori la mvuke: chuma safi, springi upuuzi mtupu

Msinune nikiandika kwa hasira, leo sina adabu. Nimekaa Uingereza miaka na ugonjwa niliouokota huku ni kuunda vilori vya mvuke, modeli ndogo zinazotembea kweli, sasa hivi niko na Foden, yale yaliyokuwa yakitoka Sandbach kule Cheshire, nalitengeneza kwa moja kwa sita, yaani kila kipimo ni sehemu ya sita ya lori la kweli. Nikaagiza seti ya mbele kwa jamaa mmoja anayetengeneza kwa oda, ekseli, kingpini (pini ambayo tairi la mbele linageukia), mikono ya stelingi, na springi za pleti, zile pleti za chuma zilizopangana, zikiwa zimeshafungwa kabisa.

Alichelewa lakini mzigo ulipofika nikasema hapa kuna fundi. Kingpini unaisukuma kwa kidole gumba inazama kwenye bushi taratibu, haichezi hata chembe, na mikono imekaa mshazari inavyotakiwa, ukikata kona tairi la ndani linakunja zaidi ya la nje. Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota zote.

Sasa springi. Nimeilalia chasisi kwa mikono miwili, pleti hazikushtuka! Nikawasha moto nikatoka nalo kwenye njia ya kokoto, tairi la kulia likapanda kijiwe, la kushoto likabaki hewani linazunguka bure, nageuza usukani, wapi, lori linaenda linakotaka lenyewe. Mkokoteni wa maji una nafuu. Zile trekta za mvuke za stelingi ya minyororo ekseli nzima inabembea katikati kwahiyo hata bila springi zinatambaa tu, ila lori linategemea springi zijikunje, zisipojikunja hakuna stelingi hapo.

Nikampigia simu. Eti "springi za modeli ni za kutazama, zote ziko hivyo," halafu kwa ile sauti ya kumwelekeza mtoto, "kwani ndo la kwanza unaunda?" We! Vipimo ukivigawa kwa 6 uzito unashuka mara 216 lakini ugumu wa springi unashuka mara 6 tu, kwahiyo ukinakili pleti za lori la kweli vilevile lazima ziwe mbao. Hii kila anayeunda anaijua, na dawa yake wanaijua, unaacha pleti chache za chuma, zingine unakata za Tufnol, aina ya plastiki ngumu, unazipaka rangi nyeusi, nani atajua? Yeye anauza springi na hajui, au anajua anaona uvivu, sijui lipi baya zaidi.

Nikafungua yu-bolti na senta bolti zinazofunga springi, nikakata za kwangu. Sasa ukiliegemea linashuka, ukiliachia linapanda, na stelingi, lazima niseme, tamu sana, laini, inarudi katikati yenyewe.

Kwahiyo msinunue kwake. Au nunueni ekseli tu, ile kazi sijaona pengine. Ya nyuma nitaagiza kwake hukohuko, ila nitaandika kwa herufi kubwa BILA SPRINGI, na simu sipigi.