TAHADHARI: Pampu za mafuta feki, muuza spea wa hapa mjini kanipiga changa la macho

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nna hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu pia nnayo, maana mie ndo yule mnaenipigia simu kuniuliza spea ipi orijino ipi feki. Wa Pemba khasa someni, huyu mtu naambiwa anatuma mizigo kwa boti mpaka Chake na Wete.

Ile gari yangu Toyota Mark II mnaijua, na ile injini ya 1JZ ya tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini iongeze nguvu) mnajua ilivyoingia, sirudii. Kilichobaki ilikuwa mafuta tu. Injini hizi za mtumba huja na nozeli zake (zinazonyunyiza mafuta) na reli yake (bomba linalozilisha nozeli) lakini tangi na pampu vimebaki huko huko Japani, na pampu iliyokuwemo kwenye gari ni ya injini ya zamani, 1G isiyo na tabo, haiwezi kulisha injini ya hosipawa 280. Kwa hiyo nlishapanga kila kitu kabla ya kutoa hata shilingi: pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, filta mpya, mpira wa presha, laini ya kurudi tangini, rilei (swichi ya umeme) na waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Nikaenda kwa huyu bwana. "Sheikh wangu kaa hapa," kahawa ikaagizwa. Nikamuuliza waziwazi, hii pampu orijino? Hakukasirika wala hakuapa, kaichukua akaitumbukiza kwenye kidumu cha petroli kilichokatwa juu, akabana waya mbili kwenye betri, pampu ikalia ziiii, petroli ikaruka kuingia kwenye chupa ya lita moja na simu yake pembeni inahesabu sekunde. Chupa ikajaa kwa sekunde 14. Akanigeuzia simu akasema fanya hesabu mwenyewe sheikh. Nikafanya pale pale, 255 gawa kwa 60 unapata lita 4 na robo kwa dakika, yaani lita moja kila sekunde 14. Imeingia sawasawa! Sasa niambieni nani hapo asingetoa pesa? Mtu kakupa namba, hakukupa maneno. Na ni mtu mzima, adhana ikilia anafunga duka, mafundi wa watu wanaingia kwake na kutoka. Nikalipa laki mbili na nusu na mpira wa presha nikachukua kwake huko huko.

Gari ikawaka vizuri, sailensa (ikiunguruma tu bila kukanyagwa) tamu kabisa. Sasa tumetoka tunaelekea Mahonda, mke wangu mbele na mwanangu nyuma, nakanyaga tabo ianze kupuliza, gari inakata, inapiga chafya, harufu ya petroli ndani. Nafungua boneti, ule mpira umechanika kwenye klipu unatiririka karibu kabisa na tabo iliyokuwa ya moto. Wallahi tungeungua sote.

Fundi akafunga geji ya presha. Ikiunguruma tu presha inasimama vizuri, ukiikamua kwa kukanyaga mafuta presha inaanguka. Na ile ya chupa ndo nilipoelewa alichonifanyia, pampu pale haikuwa inasukumana na kitu chochote, mdomo wazi. Kwenye reli inatakiwa presha ya kama bar 3, tabo ikipuliza bar 0.7 regyuleta (inayoongoza presha ya mafuta) inapandisha mpaka 3.7 na pampu lazima itoe mafuta ya kutosha hapo hapo. Lita 255 za pampu ya kweli zinapimwa ikiwa kwenye presha, ukiiachia wazi kwa umeme ule ule inatakiwa ipite hapo, kwa hiyo zile sekunde 14 zenyewe zilitakiwa zinitie shaka! Injini ya tabo ikikosa mafuta hapo pistoni zinaweza kuyeyuka.

Nimerudi kwake, kahawa hakuna tena. Ati waya zangu mbovu. Fundi kapima umeme kwenye pampu yenyewe, volti 13 na ushei. Akasema spea ikishafungwa hairudi, mbele ya wateja, akanipa mgongo.

Huyu afungiwe duka. ZFCC (tume ya ushindani halali Zanzibar) waende, ZBS (taasisi ya viwango) waende, wamwage pampu zote wapime moja moja, na alipe kila mtu, sio anirudishie mie peke yangu halafu kesho anamuuzia mtoto wa mtu mwengine. Anaeuza mpira wa kabureta (wa presha ndogo) kwa jina la mpira wa nozeli (wa presha kubwa) anajua anachofanya, huyo hana tofauti na anaewasha kiberiti kwenye gari ya mtu, jela ndo mahali pake.

Mnaouliza nlitakiwa nione nini: mpira wa nozeli unaandikwa SAE J30R9, wake maandishi yamefutwa, kasema jua. Boksi limegundishwa upya. Risiti hatoi. Geji ya presha ipo kwenye rafu, nlipomwambia tupimie kasema imekufa. Mengine nikiyakumbuka ntaongeza.

Jina na duka sitaji hapa, njooni inboksi. Aliyekwisha kufunga pampu ya huyu bwana asiikamue gari mpaka apime presha, na akague mpira leo leo. Na mwenye boksi lake au meseji za malipo asitupe, tunakusanya twende ZFCC kwa pamoja.