Vitofali vya ndoo: pima mshiko kabla hujalipa

Vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyouzwa kwa ndoo, vile visivyo na jina unavyovikuta madukani Dodoma, ni kifaa kizuri sana kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne, kwa sharti moja: vishikane. Visiposhikana, mtoto hudhani ni yeye asiyejua kujenga, na ndoo inaishia uvunguni.

Mwombe muuzaji aifungue. Chukua viwili vya vinundu nane (vile vijivimbe vya juu vinavyoshika kitofali kingine), kandamiza, shika cha juu utikise. Cha chini kisidondoke. Mtoto naye aweze kuvitenganisha kwa vidole, bila meno. Kisha panga kozi kumi, yaani vitofali kumi kimoja juu ya kingine, na uweke rula. Kipimo cha LEGO, chapa maarufu ya vitofali ambayo waigaji wengi huifuata, ni milimita 9.6 kwa kozi, kwa hiyo kumi zifike milimita 96. Kila kimoja kikizidi kwa milimita 0.2 tu, kileleni zinakuwa 2. Ndipo mtoto anasimamisha nguzo mbili za mlango, kozi kumi huku na kumi huku, moja kwa vitofali vya ndoo nyingine, na lenta, ile ya kulala juu ya mlango, inabana upande mmoja tu. Hesabu yake ni sahihi; plastiki ndiyo mbovu.

Kosa la mwanzo la watoto wengi ni kupanga kitofali juu ya kitofali, maungio yakiwa mstari mmoja, na ukuta unaachana kama kurasa. Usikimbilie kumrekebisha. Mpeleke kwenye nyumba inayojengwa, na mji huu hauna uhaba wa hizo, atazame mafundi wanavyopishanisha tofali. Akirudi ataanza kozi ya pili kwa kitofali cha vinundu vinne. Hiyo ni nusu, ameishika mkononi. Chenye viwili ni robo.

Mchezo unaolipa zaidi ni wa watoto wawili na kadibodi katikati. Mmoja anajenga kwa vitofali sita huku akieleza, mwenzake anafuata kwa kusikia tu. "Weka chekundu juu ya cheupe" haitoshi: kimelala upande gani, kimefunika vinundu vingapi? Hapo wanajifunza kusema kwa usahihi, na kuuliza.

Kasoro kubwa ni ndoo zilizojazwa maua na magurudumu. Kibanda cha vinundu 16 kila upande, ukuta wenye unene wa vinundu viwili, hula sawa na vitofali 14 vya vinundu nane kwa kozi. Kozi nane ni 112. Hesabu vya kawaida kwanza, picha ya kwenye mfuniko baadaye.

Vumbi la kiangazi likiingia ndani, vitofali havikai sawa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika kivulini. Maji yanayochemka huvipinda. Na kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, jengeni mezani, si mkekani: vipande vidogo hukaba koo.