Bima mpya ya maisha kazini kwetu, Lubumbashi: uzoefu wangu

Karakana ninayofanyia kazi, ya kutengeneza mitambo ya mgodi, ilibadilisha bima yetu ya maisha mwaka huu. Nimeshaiona ikilipa. Mwenzetu wa zamu ya usiku alifariki, nami nikiwa mjumbe wa wafanyakazi nilimsindikiza mjane wake ofisini.

Ile ya zamani ililipa ukifia kazini tu. Ukiuawa na sukari nyumbani Katuba, familia ilipata jeneza na rambirambi za wenzako, basi. Sasa kifo chochote kinalipwa mishahara ya miezi 24, na pesa ya mazishi hutangulia. Hapo ndipo waliponifurahisha. Kilio cha kwetu hakingoji makaratasi: turubai na viti ni vya kukodi, wageni wanaolala uani wanataka bukari (ugali), na chumba cha maiti kinahesabu kila siku. Pesa ilifika kabla hatujazika.

Mishahara hiyo lakini ni ya msingi. Posho ya nyumba, usafiri na saa za ziada havimo, na sisi wa zamu tunaishi kwa hizo saa za ziada!

Kitu bora kuliko vyote ni fomu ya warithi. Marehemu alikuwa ameandika mke na watoto, kila mmoja na asilimia yake. Ndugu zake wa kiume walikuja wakidai mali ni ya ukoo. Karani akafungua faili, akawasomea majina, akalifunga. Pesa ikaingia benki kwa jina la mama watoto, ingawa ndoa yao ilikuwa ya mahari tu, haijaandikishwa kwenye ofisi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa. Kwa pensheni ya mjane ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mambo ni mengine, huko cheti cha ndoa kinatakiwa.

Na tusichanganye: bima hii haichukui nafasi ya CNSS. Huko tunakatwa asilimia 5 kwa ajili ya pensheni, mwajiri anaweka 5 yake, na ile 1.5 ya ajali na magonjwa ya kazi anailipa peke yake. Hii ya kampuni ni ya juu yake. Zamani bima yote nchini ilikuwa ya SONAS, kampuni ya serikali. Sheria ya 2015 ndiyo iliyofungua soko, kwa hiyo safari hii mwajiri wetu aliweza kulinganisha bei.

Kinachoniudhi: vijana wa sutretansi, yaani walioajiriwa na kampuni za kandarasi, wanaopanda mitambo ileile na sisi, hawamo. Ukiacha kazi bima inaishia hapo. Mkataba wote ni Kifaransa, na muhtasari wa Kiswahili tulioomba haujatoka.

Fomu yangu niliijaza upya alipozaliwa mtoto wa mwisho. Nilidai nakala yenye muhuri. Karani alinung'unika kidogo, akapiga. Inakaa kwa mke wangu, pamoja na vyeti vya watoto.