Lenzi ya 50 au zumu ya 18-55: ipi inakufaa Goma?

Wapiga picha wa Goma, mashariki mwa Kongo, hawachoki kubishana: lenzi ya milimita 50 isiyovuta, au zumu, ile ya 18-55 inayovuta karibu na mbali na inayokuja na kamera?

Kwa bei, 18-55 inashinda bila jasho, maana tayari unayo. Ile ya 50 yenye f/1.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ikiwa mpya, ni dola mia na kitu.

Ila ngoja umeme ukatike katikati ya harusi. Ukiivuta 18-55 mpaka mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, ile ya 50 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Niliwahi kupiga keki ikikatwa kwa taa za simu tu: bibi harusi alitoka safi, hata jasho juu ya mdomo lilionekana. Hakulifurahia.

Sebuleni mambo yanageuka. Kwenye kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea picha) ndogo, aina ya APS-C, 50 inaona kama 75 au 80, yaani eneo dogo zaidi, na familia ya watu kumi na wawili haienei hata ukibana mgongo ukutani. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikiteremka mbio, vilevile: huna muda wa kurudi nyuma, unazungusha zumu tu.

Matunzo? Vumbi letu jeusi la lava halina huruma. Zumu ikirefuka huvuta hewa, na vumbi huingia humo. Ya kwangu pete yake inakwaruza kama inasaga mchanga. Lakini mwenye 50 hubadilisha lenzi kila mara, na kila akifungua, vumbi hupata njia ya kuingia ndani ya kamera.

Anayekula kwa harusi na ibada za jioni, anunue 50. Wa mtaani na mandhari ya Nyiragongo, ile volkano yetu, abaki na zumu yake kwanza.